Nilisifia salfa nikaitwa chawa

Ngoja niiandike hii yote maana kila nikiianza kwa mdomo watu wananikatiza kabla sijafika penyewe.

Mi ni mkulima wa korosho Newala, shamba lipo njia ya Kitangari, mikorosho mingi humo ni ya bibi mzaa mama. Kwetu Wamakonde ukoo unapita kwa mama na mwenye kauli ni mjomba, kwa hiyo mkisoma humu neno mjomba msidhani ni yule wa kuchangia harusi tu, huyu akikununia basi mpaka kuku wa nyumbani wanajua umenuniwa. Na kabla ya kuhamia shambani moja kwa moja nilifanya ukarani wa mzani AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, misimu 3, mpaka leo kuna watu wananiita karani, kwa hiyo korosho naijua toka chini ya mti mpaka kwenye risiti ya makato.

Sasa msimu wa 2024 ulikuwa msimu wa maana. Korosho zilizaa, na minada ya mwanzo mwezi wa 10 bei ikavuka 4,000 kwa kilo. Kama we sio mtu wa Mtwara au Lindi hii haikwambii kitu, ila kwetu bei ikisomwa mnadani hata mtu asiye na mkorosho hata mmoja anajua, fundi cherehani anajua, muuza bati anajua, mwenye deni lako ndo anajua kuliko wote. Wiki ile mtaani kila mtu alikuwa anatabasamu na watoto walikuwa wanaahidiwa viatu.

Katikati ya furaha hiyo AMCOS yetu ikaitisha mkutano na kukawa na mgeni kutoka wilayani. Mnaijua mikutano hii, viti vya mbele vya plastiki vya wageni, sisi wengine chini ya mwembe, spika inakoroma. Mwenyekiti akasema mkulima mmoja asimame atoe neno, watu wakaanza kusukumana, mwisho wakasema karani, karani anajua kuongea. Nikasimama. Niliyosema nayakumbuka vizuri kwa sababu baadaye niliyasikiliza mara nyingi kuliko nilivyotaka. Nilisema salfa ya mwaka huu, ile dawa ya kupulizia mikorosho, imekuja kwa wakati, imekuja bure, na ndo maana ugonjwa wa ubwiri unga haukutumaliza kama miaka ile, kwa hilo tunaishukuru sana serikali yetu kwa kutujali. Alafu bila hata kupumua nikaendelea, lakini makato kwenye risiti hatuelezwi vizuri, magunia yalichelewa korosho zikalala chini na wengine wakaishia kuuza kangomba, yaani kwa walanguzi, kwa bei ya kutupa, na hii barabara ya kuingilia ghalani mvua ikipiga hata trekta linakwama, sasa nani anajali hapo.

Nikakaa. Watu wakapiga makofi kwa yote mawili. Mgeni naye akapiga makofi, sijui kwa lipi.

Kuna kijana alikuwa anarekodi na simu. Jioni ile klipu ikawa inazunguka kwenye grupu la WhatsApp la watu wa kwetu walioko Dar, klipu fupi, inaanzia kwenye salfa inaishia kwenye "kutujali", paap, imekatwa. Chini yake mtu kaandika wananchi wa Newala wanena. Yaani mi peke yangu nikawa wananchi wa Newala.

Kesho yake asubuhi naenda dukani kununua sukari, vijana wa bodaboda wamekaa kwenye kivuli chao, mmoja anasema kwa sauti ya kusikika, chawa anapita huyo. Nilidhani anamsema mtu mwingine nikageuka kuangalia nyuma, nyuma hakukuwa na mtu. Kwa asiyejua, chawa siku hizi ni yule anayeishi kwa kusifia wakubwa, ananyonya hapohapo alipojishikiza. Niliumia jamani, nisiwe muongo. Mtu niliyempimia korosho zake msimu 3 bila kumuibia hata robo kilo leo ananiita chawa.

Sasa la kuchekesha ni hili. Siku 2 baadaye napigiwa simu na mtu mmoja wa ofisini, simtaji, ananiambia dada tumesikia maneno yako ya mkutanoni, unachochea wakulima. Nikamuuliza maneno gani, akasema yale ya nani anajali. Kumbe kuna klipu ya pili! Hiyo ilikuwa kwenye grupu jingine, la wale ndugu zetu wasiotaka kabisa kusikia habari ya chama tawala, yenyewe inaanzia kwenye "lakini makato" inaishia "nani anajali hapo". Salfa haipo kabisa, imekatwa kama mkia wa mjusi. Huko wananisifu, wanasema huyu mama ana roho, jembe, wanahoji mbona hagombei.

Kwa hiyo dakika 2 zilezile, mdomo uleule, kwenye simu moja mi ni chawa na kwenye simu nyingine ni mchochezi. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka mwanangu akaja kuniangalia.

Ila mjomba hakucheka. Mjomba aliona klipu ya kwanza tu.

Kabla sijafika kwa mjomba lazima nirudi nyuma kidogo, 2018, maana watu wengi wanaoniita chawa leo walikuwa wadogo au wamesahau. Mwaka ule mnada ulipofunguliwa wanunuzi wakaleta bei za chini, wakulima wakagoma kuuza, wakasema hapana bora zilale ghalani. Mwezi wa 11 Rais Magufuli akatengua mawaziri 2, wa kilimo na wa biashara, akatangaza serikali itanunua korosho yote kwa 3,300 kilo, magari ya jeshi yakaja kubeba. Mi nilikuwa mzanini. Siku ile watu walishangilia nyie, na mi nilishangilia, maana wanunuzi walitaka kutunyonga na kuna mtu kasimama akasema hapana. Ukiniuliza leo kama kuwakatalia wale wanunuzi ilikuwa sawa nitakwambia ilikuwa sawa.

Alafu ikaja kulipwa. Ukaja uhakiki, twende tukahesabu mikorosho yako, hii korosho ni yako au ya kangomba, wengine wakalipwa mapema wengine Krismasi ikapita, mwaka mpya ukapita, wanaenda benki kila Jumatatu wanarudi na nauli tu wameipoteza. Mi karani ndo nakaa nao pale, wananiuliza mimi. Siku moja nikasema mbele ya watu bei ni nzuri lakini bei isiyoingia mfukoni ni hadithi. Nikaitwa pembeni nikaambiwa we mama wewe ni mpinzani, angalia kazi yako. Mpinzani! Mi ambaye wiki 6 kabla nilikuwa napiga vigelegele.

Kwa hiyo hili la kuvishwa shati halikuanza 2024. 2018 nilivishwa la huku, 2024 nikavishwa la kule, mwili ni uleule.

Haya, mjomba. Jumapili nikakaanga samaki nikambebea. Nikafika, shikamoo mjomba, marahaba, anaangalia redio. Kimya. Alafu anasema bila kugeuka, mbona leo hujavaa kijani? Nikakaa kwenye mkeka nikanyamaza, maana najua mjomba akishatoa moja hatakosa la pili. Kweli, akaja na la pili. "Unajua mwaka 2013 nilikuwa wapi?" Najua. Kila mtu wa kwetu anajua. Mwezi wa 5 mwaka ule, kelele za gesi haitoki, bomba la kwenda Dar, Mtwara mjini ikawaka moto, jeshi likaingia. Mjomba alikuwa na kibanda chake pale mjini na kuna vitu aliviona wiki ile mpaka leo hasimulii mbele ya watoto. Tuliambiwa gesi itatubadilisha kuwa Dubai, tukaona bomba la zaidi ya kilometa 500 linaelekea kwa watu wengine. Kwake yeye serikali ni hiyo. Ukisifia salfa unasifia ile wiki. Hatenganishi.

Na mi simlaumu, nataka niliseme hili wazi. Mtu aliyeumizwa hagawi gawi. Ukimwambia mwenye kidonda kwamba mkono uliompiga ndo uleule umejenga zahanati anaona unamtania. Kuna wakati kutenganisha jema na baya kunahitaji uwe umekaa mbali kidogo na baya lenyewe, na mi 2013 sikuwa Mtwara mjini, nilikuwa shamba.

Lakini nikamuuliza, "Mjomba, ukienda Dar Rufiji unavukaje?"

Akaniangalia kama anaona mtego. "Si daraja."

"Zamani mlikuwa mnavukaje?"

Hapo nilimshika maana mjomba hawezi kuacha hadithi ya Ndundu. Akazima redio. Akaanza, enzi za pantoni, basi limefika mtoni mmekuta magari yamepanga foleni hadi machoni hayaishi, pantoni imeharibika, mnalala ndani ya basi, chakula kimeisha mnanunua samaki kwa wenyeji, mtoto mmoja anahara, mvua inanyesha, na mkivuka bado kile kipande cha Ndundu na Somanga, kilometa 60 tu lakini tope linashika basi mpaka abiria wote chini kusukuma. Kusini tulikuwa kisiwa, anasema, tena kisiwa kisicho na boti. Alafu 2003, enzi za Rais Mkapa, daraja likafunguliwa, karibu kilometa nzima, akasema kwa mdomo wake mwenyewe, "Lile daraja ni kazi ya mwanaume."

Nikasema mjomba, si lilijengwa na serikali ya chama kilekile?

Kimya.

"Mkapa alikuwa mtu wetu," anasema. "Wa Lupaso."

Nikacheka, naye akacheka, samaki wakaanza kuliwa. Maana hapo alikuwa ameshajikamata mwenyewe, kumbe anaweza kusifia daraja na asichague chama chenye daraja, na kweli mjomba katika maisha yake yote hajawahi kukipigia kile chama kura, anaapa kabisa. Miaka 20 na zaidi analisifia daraja kila anapopata msikilizaji na hakuna aliyemwita chawa.

Nikadhani nimeshinda. Nikaanza kujisikia wakili. Ndipo akaniwekea neno ambalo mi nimekaa nalo mpaka leo, na ndo hasa lililonifanya niandike haya.

Alisema, "Mimi sikatai salfa, mwanangu. Salfa nimepulizia na mimi, kwenye mikorosho ileile. Ninachokataa ni kule kushukuru. We ukienda dukani na elfu 10 ukanunua sukari, muuzaji akikupa chenji yako unampigia magoti?"

Nikasema hapana.

"Basi salfa ni chenji."

Jamani. Mi nilikuwa karani, mambo ya hela za korosho nayajua, na bado sikuwahi kuiona hivyo. Kwa sababu ni kweli. Korosho ghafi ikipelekwa nje ya nchi inatozwa ushuru, na zamani sheria ilisema asilimia 65 ya ule ushuru inarudi kwenye zao lenyewe, utafiti, miche, pembejeo, na 35 inakwenda Hazina. 2017 salfa iligawiwa bure, na msimu ule wa 2017/18 nchi ilivuna tani kama 313,000, haikuwahi kutokea hapo kabla. Alafu mwezi wa 6 mwaka 2018 sheria ikabadilishwa bungeni, ushuru wote ukaenda mfuko mkuu, wabunge wa kusini walipiga kelele mpaka sauti zikakauka, ikapita. Msimu uliofuata mavuno yakashuka hadi karibu tani 225,000. Sababu zilikuwa nyingi, hali ya hewa nayo imo, ila mkulima yeyote atakwambia mwaka asiopulizia vizuri anauona kwenye gunia. Miaka ya karibuni ruzuku imerudi na mavuno yamepanda mno. Sasa mtu akichukua chenji yako akakaa nayo alafu baadaye akakurudishia, ni vizuri kurudisha, tena unaweza kusema wazi kwamba kurudisha ni kuzuri na kule kukaa nayo kulikuwa kubaya. Lakini magoti ya nini?

Nilirudi nyumbani nimebeba bakuli tupu na kichwa kimejaa. Usiku nikaisikiliza tena ile klipu. Na nikasikia kitu ambacho mara zote nilikuwa nakiruka. Nusu ya kwanza ilikuwa taarifa, salfa imekuja kwa wakati, ubwiri unga umepungua. Hiyo hata mjomba hawezi kuipinga. Nusu ya pili ilikuwa "tunaishukuru sana serikali yetu kwa kutujali", na hiyo sio taarifa, hiyo ni ibada. Hakuna aliyeniambia niiseme, ilitoka yenyewe, kama mtu anavyosema bismillah kabla ya kula, kwa sababu toka nikiwa shule ya msingi sijawahi kusikia mtu anasimama mbele ya mgeni rasmi bila kuitamka. Mi nilisema kuhusu kazi, mdomo ukamalizia kwa mwenye kazi.

Kwa hiyo wale vijana wa bodaboda nusu walinionea na nusu walikuwa na haki. Walinionea kwa kudhani kusema kweli kuhusu salfa ni kuuza kura. Walikuwa na haki kwamba ule mkia wa mwisho ndo unaotafutwa na wakata klipu, na mi niliwapelekea kwenye sahani.

Kuna mtu mwingine ambaye alijua hii siri kabla yetu wote, bibi. Mwenyezi Mungu amrehemu. Bibi alijifunza kusoma mtu mzima, miaka ya 70, kwenye kisomo, anafua mchana jioni anakwenda darasani na taa ya chemli, mpaka anakufa barua zake alikuwa anasoma mwenyewe na benki alikuwa anasaini jina, hakubali dole gumba. Alikuwa anasema Nyerere alinipa macho. Ukikaa naye dakika 5 tu utasema huyu bibi ni wa Nyerere moja kwa moja.

Alafu huyohuyo anakusimulia operesheni vijiji. Walivyotolewa kwenye mji wao wa zamani wakapelekwa kijijini, mikorosho ikabaki kule mbali, unatembea asubuhi unafika jua limepanda, msitu umeingia, nguruwe pori wamekula, ukirudi huna nguvu ya kupika. Watu wakaacha. Mkorosho usiopaliliwa hauulizi chama, unaacha kuzaa tu. Na sio kwao peke yao, nchi nzima korosho ilitoka tani 145,000 msimu wa 1973/74 ikaporomoka hadi tani kama 16,000 kufikia 1986/87, bei mbaya na magonjwa nayo yalichangia, ila watu wa umri wa bibi ukiwauliza wanaanza na vijiji. Bibi alikuwa anasema kwa sauti ileile aliyotumia kusifu kisomo, "walitutoa kama mbuzi."

Mtu yuleyule, serikali ileile, miaka ileile. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza, bibi sasa Nyerere alikuwa mzuri au mbaya? Aliniangalia kama nimeuliza swali la mtoto, na kweli lilikuwa swali la mtoto, akasema nilete ungo. Kazi ya kupepeta ilikuwa inaendelea, hakuwa na muda na mimi.

Nilichobadilisha toka siku ile ni vitu vidogo tu. Kwanza nikiongea kwenye mkutano naanza na lawama alafu ndo nasifia, na vyote naviweka kwenye sentensi moja bila kupumua, anayetaka kukata klipu atoke jasho kidogo. Kama vile, magunia yamechelewa lakini salfa imewahi kwa hiyo mnaweza mkitaka. Jaribu kukata hiyo. Pili neno tunashukuru nimeliondoa, nasema imesaidia. Imesaidia inatosha, ina ukweli wote na haina magoti. Mwanzoni ilikuwa ngumu kama kuacha sukari, nafika pale ulimi unautafuta ule mkia wenyewe.

Ila kitu kimoja sikubaliani na mjomba mpaka leo na tumebishana hili mara 3. Yeye anaona bora kunyamaza kabisa, wakifanya vizuri nyamaza, wakiharibu piga kelele, usiwape faida. Mi naona tukinyamaza tunajinyonga wenyewe. Mwaka wakiiondoa ile salfa, na walishawahi kuiondoa, tutasimama na nini? Tutasema ilikuwa inasaidia, watatuambia mbona hamkusema. Mkulima aliyesema kwa sauti 2024 kwamba salfa ya bure imepunguza ubwiri unga shambani kwake ana pa kuanzia kudai. Kusifia kitu kilichofanya kazi ni kukipigia msumari kisiondoke. Mjomba anasema hiyo ni akili ya karani.

Na mjue hata wenyewe wakubwa wanaelewa vizuri kwamba kusifia jambo sio kuunga mkono mambo yote, wanajifanya tu hawaelewi. Nitawathibitishia. Mapema mwaka 2025, mwaka wa uchaguzi, kuna mtu akanifuata nyumbani, kofia na tisheti, mpole, kakaa vizuri kwenye kiti. Anasema dada tulikusikia mwaka jana kuhusu salfa, uliongea vizuri sana, kuna shughuli tungependa uje utoe ushuhuda, nauli ipo na posho kidogo. Nikamwambia nakuja, hakuna shida, ila nikisimama natoa neno lote. La salfa, la makato, la magunia na la barabara.

Akakuna kichwa. "Dada, lote halitakiwi. Tunaomba lile la salfa."

Si mnaona? Angekuwa anaamini ukisifia salfa umeshakubali kila kitu, kwa nini aogope yale mengine 3? Nilimpa maji ya kunywa akaaga. Alikuwa kijana mzuri tu, na yeye yuko kazini.

Upande wa pili nao hawana tofauti sana, msidhani. Yule aliyeniandikia kwamba mi ni jembe na nigombee, nilipomwambia salfa kweli ilisaidia aliniondoa kwenye grupu. Hakunijibu hata neno, niliona tu maandishi yale kwamba umeondolewa. Nilikaa humo siku 11.

Wale wa bodaboda tulishaelewana. Aliyeniita chawa mkewe alijifungua, nikaenda na kanga, hatukuongelea siasa, aliona haya kidogo akanibeba bure kurudi nyumbani. Siku hizi ananiita karani.

Mwezi wa 6 salfa ikaja tena. Mjomba jina lake lipo kwenye daftari la waliosajiliwa ila miguu inamsumbua, akanipa kitambulisho chake na namba yake nikamchukulie. Ananiaga mlangoni anasema, "Wakikupa usiseme asante." Nikamwambia mjomba asante ni adabu tu, akasema adabu mpe aliyekubeba mpaka huko.

Nikafika, foleni, jua kali, vumbi la salfa linawasha macho kabla hata hujaigusa. Nikasaini yangu, nikasaini ya mjomba. Karani wa sasa ni binti mdogo namfahamu, nilimfundisha mimi mzani, akapanga mifuko pembeni akaniambia kwa utani, "Haya dada, toa neno basi, shukuru."

Nikamwambia subiri kwanza nihesabu.

Ilikuwa imepungua mmoja.